Blanki ya kalamu imepasuka kwa lethi? Tulia msee, usiitupe kwa jiko bado

Sauti yenyewe unaijua. Lethi inazunguka fiti, patasi inakula mbao polepole, maranda yanatoka membamba kama tambi, halafu ghafla: tak! Kitu kimeruka kikagonga ukuta. Unazima mashine, unaangalia, na ile blanki umeikata, ukaitoboa, ukaipaka gundi tangu asubuhi sasa iko na pengo mdomoni. Ndani ya pengo, brasi inakuangalia kama jicho.

Wasee wengi hapo hutukana kwanza, halafu wanaitupa. Kutukana ni sawa. Kutupa, ngoja kidogo.

Kwa wale mmefika hapa na hamjui blanki ni nini, iko hivi. Kalamu za mbao za mkono, zile mtu hupewa kwa kaboksi siku ya graduesheni ama mdosi akistaafu, huanza kama kipande cha mbao cha mraba, upana kama milimita 19 na urefu kama 125. Hiyo ndiyo blanki. Unaikata mara mbili, sehemu ya juu na ya chini, unatoboa katikati, unaingiza mrija wa brasi na gundi, halafu unaivalisha kwa fimbo ya chuma kwenye lethi, yaani mashine ya kukereza. Unaichonga ikizunguka mpaka ikuwe duara na laini. Mwisho kabisa unasukuma vyuma ndani: ncha, refili, klipu. Umemaliza, una kalamu.

Sasa piga hesabu uone kwa nini hii kitu hupasuka. Ile kalamu nyembamba ya kawaida, mrija wake ni wa milimita 7. Pale mwishoni, mbao ikikutana na chuma, kalamu yote ina upana wa milimita 8 na kitu. Toa 7, gawa kwa mbili. Umebaki na mbao isiyofika milimita moja kila upande. Huo ni kama unene wa kadi yako ya ATM, na wewe unaikaribia na chuma chenye makali ikizunguka mara 2000 na zaidi kwa dakika. Kusema kweli, maajabu ni zile hazipasuki.

Na kabla mtu aulize si uchukue tu kipande kingine, mbao ya bure iko kila mahali. Ni kweli, vipande vya mvule na mahogani vinalala nje ya karakana za fanicha pale Gikomba vikingoja kuchomwa. Lakini watu hawalipi kalamu ya mkono sababu ya mbao yoyote tu. Mteja anakuja na kipande cha mwembe wa shosh yake, ule ulikatwa ushago walipojenga nyumba mpya. Ama mguu wa kitanda cha guka. Ama kipande cha dawati la shule yao ya zamani. Hiyo ni moja, hakuna ingine, na ameshalipa dipo. Hapo kurepea si hobi tena.

Zima kwanza, halafu usiguse kitu

Kitu cha kwanza ni kuzima lethi na kukaa. Usitoe blanki kwa mashine, usipulize vumbi, usifagie. Kile kibanzi kimeruka (si chipo, acha njaa) kiko mahali hapo sakafuni na ndicho dawa bora ya hiyo pengo. Hakuna rangi, hakuna unga, hakuna ujanja wowote utafanana na kile kipande chenyewe.

Ndiyo maana mafundi wenye akili hufagia kabla ya kuanza kukereza, si baada. Ukianza na sakafu safi na umetandaza gunia ama karatasi chini ya mashine, ukisikia tak! unajua kitu chochote kikubwa chenye kiko hapo ni chako. Kwa karakana yenye maranda ya wiki mbili utatafuta mpaka stima ipotee.

Ukikipata, kijaribu kavu kwanza. Nyuzi za mbao ziko kama alama za vidole, zitakuonyesha kinakaa upande gani. Kikiingia sawa, weka tone moja la supa glu ile nzito kama asali ndani ya pengo, rudisha kibanzi na kibano, halafu kifinye. Usifinye na kidole! Funika na kipande cha nailoni ya mkate, ile gundi haipendi kuishika, halafu juu yake zungusha mpira wa tyubu ya baiskeli, ule watu wa boda hufungia mzigo. Ule mpira unafinya pande zote sawa, na hakuna klempu ya pesa itafanya hivyo kwa kitu kidogo na cha mviringo kama hiki.

Ngoja. Najua haraka iko, lakini supa glu inashika nje kwa dakika moja na ndani bado ni maji. Kama unaeza, iache saa kadhaa. Halafu ukirudi kwa lethi, noa patasi kwanza, na upite juu ya hiyo sehemu kama unanyoa mtoi kichwa. Ama achana na patasi kabisa na umalizie na msasa.

Mimi niliacha campo kabla mtu anifunze kemia ya maana, lakini hii moja ni rahisi: supa glu haikauki kama rangi. Inashikana ikikutana na unyevu, hata ule mdogo ulio kwa hewa na kwa mbao. Ndiyo sababu vidole vyako huwa vinanata haraka kushinda kitu unachotengeneza. Na stori yake ni fiti: mwaka wa 1942 Harry Coover na wenzake wa Kodak huko Marekani walikuwa wanatafuta plastiki safi ya vifaa vya kulengea bunduki, wakapata kitu kinanata kila mahali, wakakiweka kando kama takataka. Kikarudi mezani 1951, na 1958 kikaanza kuuzwa. Leo kiko kwa kila kiosk kando ya nare na sigara.

Lakini heshimu hiyo kitu. Moshi wake unachoma macho na pua, kwa hivyo fungua dirisha. Usiipake na kitambaa cha pamba wala usivae glovu za pamba: ikilowa kwa pamba inapata moto haraka, inaeza kukuchoma kabisa. Na ukinata, usivute ngozi. Dawa ya kutoa rangi ya kucha, ile iko na asetoni, ama maji moto kiasi na sabuni, na uvumilivu.

Kama ni ufa tu

Ufa mwembamba ambao haujatoa kipande ni kazi rahisi, lakini ndio hudanganya watu. Unauona ni kama unywele, unasema utaisha ukichonga chini. Hauishi. Mara nyingi huo ufa unaenda mpaka kwa brasi, na ukiendelea kuchonga unaupanua.

Hapa unataka supa glu ile nyepesi kama maji. Weka mdomo wa chupa mwanzo wa ufa, tone moja, na utaona gundi inavutwa ndani yenyewe. Ongeza tone lingine mpaka ufa ukatae kunywa. Zungusha blanki na mkono uone kama imetokea upande wa pili. Kama mbao yako ni ya mafuta, mfano mpingo, pangusa kwanza na asetoni halafu iache ikauke, sababu mafuta na gundi hawapatani.

Halafu gonga hiyo blanki na kucha, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mahali imeshika vizuri italia sauti moja ngumu. Mahali kuna hewa chini yake, sauti inabadilika, inakuwa tupu. Hapo ndipo itapasuka tena, na hapo ndipo ilipasukia mara ya kwanza. Kusema ukweli, blanki nyingi hazipasuki sababu ya patasi. Zinapasuka sababu mrija haukuwa na gundi sehemu hiyo. Wakati wa kuingiza mrija, ukwaruze kwanza na msasa uondoe ule mng'aro, paka gundi pande zote, halafu uuingize ukiuzungusha, usiusukume tu. Ile gundi ya kuchanganya mirija miwili, kama Araldite, inachukua muda lakini inajaza mapengo kushinda supa glu. Kwa mbao ya thamani, mimi ningelala usingizi nikijua nimetumia hiyo.

Kibanzi kikipotea

Sasa hapa ndipo raha iko. Umetafuta, hakuna. Pengo liko wazi na kibanzi kimeenda na upepo.

Kila mtu atakwambia changanya unga wa mbao hiyo hiyo na supa glu, jaza, umemaliza. Inashika, ndiyo. Lakini ukishapiga msasa utaona shida: unga uliolowa gundi unakuwa mweusi kuliko mbao yenyewe. Kwa mpingo ama mbao yoyote nyeusi hakuna atakayejua. Kwa mwembe, jakaranda ama mwarobaini, utakuwa na doa kama kovu la chanjo. Kama ni lazima ufiche, tumia unga mlaini kabisa wa msasa, si ule wa msumeno, upakie ukiwa mkavu na kijiti cha kuchokoa meno, ufinye sana, halafu tone la gundi nyepesi juu. Jaza kwa awamu mbili ama tatu, uvimbe kidogo juu ya mbao, halafu chonga urudi chini. Kuna wale hutumia bekin soda sababu inashika papo hapo. Inashika kweli, lakini inakuwa ngumu kama jiwe na nyeupe kama dawa ya meno. Hiyo iache kwa mambo ya ndani yasiyoonekana.

Maoni yangu: kama huwezi kuficha vizuri, usifiche. Doa linalojaribu kujificha linaonekana makosa. Mstari unaong'aa unaonekana kama ulitaka. Kahawa iliyosagwa hutoa alama nyeusi safi ndani ya mbao nyeupe. Lakini mali yenyewe iko kwa msee wa kukata funguo, yule wa kibanda chenye funguo zimening'inia kama shanga. Chini ya kimashine chake kuna unga wa dhahabu, na kwake huo ni uchafu tu. Blanki nyingi za funguo ni brasi. Mwombe akuwekee kidogo kwa karatasi, mnunulie chai.

Usiutumie hivyo ulivyo. Pitisha sumaku kwanza, sababu funguo zingine ni za chuma cha kawaida na chuma kitashika kutu ndani ya kalamu ya watu. Halafu upitishe kwa kichujio cha chai, ubaki na ule mlaini. Vipande vya fedha fedha utavyoona ni funguo zilizopakwa nikeli, havina noma. Pakia kwa pengo, weka gundi nyepesi, ngoja, rudia.

Kuna mtego mmoja ambao watu hawaelezwi. Ukipiga msasa brasi, inatoa vumbi jeusi, na hilo vumbi linaingia kwa vitundu vya mbao nyeupe. Mwembe wako unageuka kijivu na hautoki. Kwa hivyo kabla uguse hiyo brasi na msasa, paka mbao yote tabaka moja ama mbili za supa glu nyepesi na iache ikauke. Sasa vitundu vimezibwa, vumbi litapanguswa. Na usilete patasi pale kwa brasi. Italia, na makali yote yataisha.

Ikiwa imeharibika mpaka mwisho

Wakati mwingine si pengo, ni upande mzima umeenda. Mara nyingi ni ule mwisho, sentimita moja hivi. Hapo hata usianze mambo ya unga. Rudisha kwa lethi, tumia patasi ile nyembamba ya kukatia, na ukate mstari mnyoofu mpaka uone brasi, halafu uondoe mbao yote kutoka kwa huo mstari mpaka mwisho. Sasa una mrija ulio uchi sentimita moja. Utengenezee pete ya mbao ingine: toboa kipande na drili ya 7, kata urefu wake, ivalishe na gundi, chonga iwe sawa na ndugu yake.

Rangi ichague kwa ujasiri. Mbao nyeupe ivalishe mpingo, au muhugu kama unajua mtu kule kwa wachongaji wa Kikamba anaeza kukupa vipande. Pembe ya ng'ombe inang'aa vibaya sana ukiipolishi. Mfupa pia, na Kibera kuna mafundi wamezoea kuufanya mapambo. Lakini pembe na mfupa ukikereza vaa maski, lile vumbi si la kuvuta, na harufu utalala nayo.

Kama uharibifu uko katikati na mbao nzuri imebaki pande zote mbili, kumbuka pete haiwezi kupita. Utaikata nusu mbili na kuzifunga kama pingu, na hapo mstari wa kuungana lazima ufuate nyuzi, la sivyo unaonekana. Ni wera ya subira. Na kama ni blanki ya mbao ya kawaida tu, acha ushujaa: chonga mbao yote itoke, safisha mrija, anza upya. Mrija wa brasi unaokolewa, na mara nyingi ndio mgumu kupata, sababu seti za vyuma hutoka nje ya nchi na mrija mmoja peke yake si kitu utapata kwa hadiwea ya mtaa.

Mbona ilipasuka hapo mwanzo

Hii naipitia haraka. Ukitoboa, usitoboe mpaka drili itokee upande wa pili, pale ndipo mbao hufumuka. Kata blanki ikuwe ndefu kushinda unavyotaka, toboa usimame kabla ya mwisho, halafu kata ile sehemu ya chini na shimo litafunguka lenyewe. Toa drili kila mara imwage unga, sababu joto linapasua mbao kutoka ndani. Kwa lethi, kabla ufike karibu na bushi, lowesha miisho na gundi nyepesi. Noa patasi hata kama unadhani bado ina makali.

Na mbao mbichi, zii. Mwembe wa shosh ukikatwa wiki jana bado ni sifongo. Upime kwa ile mizani ndogo ya jikoni, andika, rudia kila wiki. Siku gramu zitaacha kushuka ndiyo siku ya kuanza. Mteja akilia haraka, mwambie achague kati ya kungoja na kurudishiwa kalamu iliyopasuka mfukoni.

Kumaliza

Kalamu iliyorepewa inahitaji koti ngumu kushinda ingine. Mafuta na nta hazitashikilia kiraka. Panda msasa pole pole, 150, 240, 320, 400, 600, na ukibadilisha kila mmoja zima mashine upitishe kwa urefu wa mbao uondoe mikwaruzo ya kuzunguka. Halafu tabaka nyembamba za supa glu, sita, nane, hata kumi, ukipaka na tishu wakati lethi inazunguka polepole. Tishu, si kitambaa: tishu ikinaswa inararuka, kitambaa kinavuta kidole. Rasta funga, mikono mirefu kunja, miwani vaa.

Kung'arisha, wale wapiga rangi wa magari wana msasa wa maji wa 1000 na 2000 na ile polishi yao ya mwisho. Nunua kwao. Inafanya kazi kwa kalamu vile inafanya kwa mlango wa Probox.

Kuhusu kumwambia mteja, mwambie. Usimpige stori ndefu, mwonyeshe tu: hapa mwembe wa shosh ulitoka kipande, nikaweka brasi. Wengi watapenda zaidi, na yule hatapenda ana haki ya kujua kabla ya kutuma ile pesa imebaki. Bei ya kalamu iliyofichwa ufa ukija kugunduliwa ni kubwa, na mtaa unaongea.

Kabla ya kusukuma vyuma ndani, angalia mdomo wa mrija. Gundi iliyokauka hapo ndani, hata kama ni kidogo kama chembe ya chumvi, itapanua mrija ukifinya na utapasua kazi yote kwa sekunde moja ya mwisho. Ikwarue na kisu ama faili ya mviringo, jaribu kama chuma kinaingia nusu kwa mkono, halafu finya taratibu na vaisi ikiwa na mbao mbili laini pande zote. Ukimaliza, usiipeleke siku hiyo. Iache mezani usiku mmoja na asubuhi uipitishe kucha tena, mwanzo mpaka mwisho, ukisikiliza.